Mzee Anayeonja Kwanza

Singida mjini, 4 Machi 1950

Mdogo wangu Klara,

Kabla hujaendelea kusoma mpe mama shikamoo yangu, maana najua huwa unasahau. Mimi ni mzima, na kazi nimepata. Niko katika hoteli ya Bwana Kostas, yule Mgiriki, ile ile ambayo baba alikuja kumchimbia ghala la chini miaka miwili iliyopita asirudi.

Nimeanza kuuliza taratibu. Bwana anasema mzee Zefania alipokea ujira wake akaondoka kwa miguu kuelekea Mkiwa. Dobi naye anasema Mkiwa. Mtunza bustani, Mkiwa. Wote wanatumia maneno yale yale, na hilo silipendi.

Najua unavyosubiri. Baba mdogo Simeoni hawezi kupokea ng'ombe za mahari yako kutoka kwa akina Gabrieli wakati kaka yake hajulikani kama yu hai au amekufa. Akipokea, atakuwa amemzika mtu anayetembea. Na mama hawezi kunyoa nywele kwa ajili ya mtu aliye safarini. Nimekuja huku kwa ajili hiyo, wala sikusahau hata siku moja.

Sasa nikuchekeshe kidogo. Kazi yangu ni boi wa meza. Kanzu nyeupe, mkanda mwekundu, ungeniona ungedhani nimeoa binti wa mtemi. Wageni ni Wazungu watupu, wa serikali, wa mradi wa karanga kule Kongwa, wawindaji, na wanakuja kwa ajili ya divai. Bwana ana divai ya kisiwa cha Kipro na ya Kepu ya Afrika Kusini, mapipa kwa mapipa huko chini ghalani, na kila mgeni akimaliza kula hupewa kitabu aandike maoni yake. Mimi na Kiingereza changu cha misheni nakisoma asubuhi nikifuta vumbi. Nakunakilia machache.

Bwana mmoja wa mifugo: "Samaki hafai kupewa paka. Divai ni nzuri kuliko zote nilizokunywa toka nije nchi hii. Mhudumu mzee ana adabu za kizamani, ni mtu wa heshima."

Mama mmoja kutoka Dodoma: "Mhudumu mzee alichukua glasi yangu akanywa yeye kwanza, mbele ya macho yangu. Sitarudi hapa."

Mwindaji: "Supu ya baridi, nyama ngumu. Mzee alionja divai, akanipa, na kwa mara ya kwanza tangu vita nililala bila ndoto. Mwongezeeni mshahara."

Mpima ardhi: "Hakuna mzee yeyote. Wenzangu walikuwa wamelewa. Bei ni ya wizi."

Kichekesho ni hiki, Klara. Sisi maboi ni watatu, na mimi ndiye mkubwa wao. Mzee hatuna.

Ni mimi kaka yako,
Naftali

*

Kiomboi, 19 Machi 1950

Kaka yangu Naftali,

Shikamoo. Mama amepokea yako na anakurudishia marahaba. Barua yako imeletwa na dereva wa lori la pamba, nimeisoma mara mbili na sikucheka.

Wewe umesoma mpaka darasa la nane lakini kichwa chako kizito. Ni nani huonja kinywaji kabla ya kumpa mgeni? Mzungu hafanyi hivyo. Watu wa pwani sijui. Kwetu ndiyo tunafanya. Hata hapa misheni, ambapo pombe hatugusi, mama hawezi kumpa mtu togwa bila kupiga funda moja kwanza, mgeni ajue ni safi. Na unakumbuka baba alivyokuwa mkali kwa jambo hilo. Ulimpa mwinjilisti maji bila kuonja, ukachapwa.

Nijibu wazi. Huyo mzee anafananaje? Wageni wameandika kitu kingine ambacho umekiruka? Nakujua, wewe ukitaka kuficha jambo huanza na utani.

Akina Gabrieli wametuma mtu tena. Baba mdogo amemjibu kwamba yeye si mpumbavu wa kula ng'ombe za mtoto wa kaka yake wakati mwenye mtoto huenda yuko njiani anarudi. Kwangu mimi anatafuta sababu tu, kwa sababu Gabrieli hampendi.

Mdogo wako,
Klara

*

Singida, 2 Aprili 1950

Klara,

Niliruka mambo, ndiyo. Nisamehe.

Yule bwana wa mifugo aliandika pia kwamba mzee amevaa koti la jeshi la kijani juu ya kanzu, na joto lote hili. Yule mama wa Dodoma aliandika kwamba sikio lake la kushoto limekatika ncha. Niliposoma hapo nilikifunga kitabu nikaenda kukaa nyuma ya jiko. Nilitaka kukuandikia nikashindwa, nikaona nikikuandikia litakuwa kweli. Kwa hiyo nikakuletea ya supu na samaki.

Tangu hapo yamezidi. Mchungaji mmoja mgeni ameandika: "Nilimwuliza jina lake, hakujibu. Vidole vyake vilikuwa baridi kama glasi yenyewe." Wengine wanamsifu, wengine wanamtukana, na jioni moja watu wa meza moja wamegombana, wawili wakisema mzee ni hazina ya hoteli na mmoja akisema afukuzwe leo leo. Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka hapo nikiwa nimeshika sinia. Sikuona mtu. Niliona glasi tu. Niliijaza mimi mwenyewe mpaka kwenye mstari, na niliporudisha macho ilikuwa imepungua upana wa kidole.

Bwana Kostas anadhani ni mimi ninayekunywa. Ameninusa mdomo mara mbili. Juzi alikaa kukisoma kitabu, na alipofika penye koti la jeshi aliacha kutafuna. Akaichana karatasi ile, akaikunja, akaitia mfukoni. Alikuwa na rangi ya majivu. Tangu siku hiyo haendi ghalani. Hunituma mimi.

Kule chini kuna baridi isiyo ya kawaida. Sakafu ni udongo uliopigwa, ila pembe moja tu, nyuma ya mapipa ya Kipro, imewekwa saruji. Kila nikishuka nasimama hapo nasema shikamoo kwa sauti ndogo. Hakuna anayejibu, na sijui kama nafurahi au nasikitika.

Usimwambie mama.

Naftali

*

Kiomboi, 14 Aprili 1950

Kaka Naftali,

Shikamoo. Mama sijamwambia.

Mimi nawe sote ni wafichaji, basi acha na mimi niseme langu. Nina mimba ya miezi minne. Gabrieli anajua, na ni mtu mzuri, hajakana wala hajakimbia. Lakini ni mwalimu wa misheni, na ikijulikana kabla ya ndoa, ataondolewa darasani, nami nitakalishwa benchi la nyuma kanisani mbele ya watu wote na mama yangu akiangalia. Wazazi wake wamesema mavuno ya mtama yakiisha bila jibu, wanamtafutia mwingine. Mtama umeshaanza kuinama.

Sikuambii haya ili ujisikie vibaya. Nakuambia ili uache kusalimia sakafu. Kama baba yuko hapo tafuta mtu anayejua, na kama hayuko tuambie, baba mdogo akose pa kujificha. Naogopa, kaka. Naamka asubuhi najifunga kanga mbili nikidhani zitanisitiri.

Klara

*

Singida, 30 Aprili 1950

Klara mdogo wangu,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, nikakaa chini. Sina la kukulaumu. Kula vizuri.

Nilimwendea mpishi, Bonifasi, mtu wa Ilongero, aliyekuwapo tangu hoteli inafunguliwa. Nilimwambia mimi ni mtoto wa Zefania. Alikuwa anakatakata vitunguu akaendelea kukatakata, halafu akaniambia nifunge mlango.

Anasema hivi. Siku ya kufungua hoteli wageni walikuwa wengi kuliko maboi. Bwana Shauri mwenyewe, mkuu wa wilaya, alikuwa amekaa mezani na mke wake. Bwana Kostas akamwona baba, ambaye kazi ya kuchimba alikuwa amemaliza, akamvisha kanzu. Baba akakataa kuvua koti lake, akalivaa juu. Akatumwa ghalani kuleta divai nyekundu. Divai ile Bwana alikuwa ameinunua kwa jumla na kuihamishia katika pipa la chuma alilolipata kwenye josho la ng'ombe. Bonifasi alikuwa ameliosha yeye, na anasema harufu ya dawa ya kupe haikutoka hata kwa majivu. Alimwambia Bwana, akaambiwa anyamaze.

Baba hakupanda. Bwana akashuka kumtafuta, akapanda peke yake anatoka jasho, akawatangazia wageni kwamba nyekundu leo hakuna, wanywe nyeupe. Wakamtania, wakanywa nyeupe. Kesho yake Bwana alichanganya saruji kwa mikono yake, Mzungu ambaye hata viatu hufungiwa.

Umeelewa, Klara? Baba hakushuka kuiba kilevi. Alijaza chombo cha wageni, na kabla ya kukipeleka juu alionja, kama kila mtu wa kwetu angefanya. Wale waliokuwa mezani walipona kwa sababu yake, na hakuna hata mmoja anayejua. Na Mwafrika kunywa divai ni kosa kwa sheria yao. Mwafrika kufa kwa divai ya hoteli, na Bwana Shauri amekaa juu, leseni ingekwenda siku hiyo hiyo. Kwa hiyo akamfukia.

Haya ni maneno ya Bonifasi, na Bonifasi hakuona mwili. Hatakwenda mahakamani, ana watoto sita. Baba mdogo atasema nimeletewa habari za jikoni. Kwetu mtu hatangazwi kafa mpaka wa damu yake amemwona.

Na mimi simwoni. Wageni wa kutoka Dodoma na Nairobi wanamwona baba yangu, wanamsifu, wanamsema vibaya, na mimi aliyenizaa simwoni. Nilikuwa Kongwa kwenye karanga alipoondoka nyumbani, hata kumuaga sikumuaga. Nililia jikoni na Bonifasi akanipa vitunguu nikate, nipate kisingizio.

Yeye ndiye aliyenifumbua macho. Alisema, "Wewe unasimama. Mzee anawahudumia waliokaa."

Jumapili ijayo Bwana anakwenda Manyoni kupokea mzigo. Saa nane mchana hoteli itakuwa tupu. Uniombee. Naogopa kifungo, naogopa na wazee wa kanisa, lakini zaidi naogopa kwamba nitakaa pale na asije.

Naftali

*

Kiomboi, 20 Mei 1950

Kaka Naftali,

Shikamoo, popote ulipo.

Wiki tatu hakuna barua. Dereva wa lori amesema mbele ya watu dukani kwamba umekamatwa umelewa divai kwenye meza ya Wazungu, umevaa kanzu ya kazi, unaongea peke yako. Watu wakacheka. Mwinjilisti alikuja kwa mama akasema tuombe. Mama hajala tangu juzi, ameondoa tu picha yako ukutani akaikumbatia.

Baba mdogo anasema sasa ana kaka aliyepotea na mtoto wa kaka aliyepotea. Nimemjibu vibaya mbele ya wageni na sitamwomba radhi.

Mtama umeshavunwa nusu. Kanga mbili hazitoshi tena. Andika hata mstari mmoja. Ulimwona?

Klara

*

Gereza la Singida, 28 Mei 1950

Mdogo wangu Klara,

Nilimwona.

Barua hii askari mmoja amekubali kuiposti, mtu wa Mgori, ana huruma. Nimefungwa miezi mitatu kwa kunywa kileo kilichokatazwa. Mwambie mama sikulewa. Nitaeleza yote kwa mpangilio.

Nilikaa meza ya dirishani. Bonifasi aliweka chupa na glasi akaondoka mbio, hakutaka kuona. Jua lilikuwa kali nje, kuku wanaparua uani, sauti zote za kawaida. Nikajimiminia. Nikaweka mikono juu ya kitambaa kama nionavyo wageni wanafanya. Nikasubiri mpaka nikaanza kujiona mjinga.

Kwanza ilikuja harufu ya saruji mbichi. Halafu nikaona kuku wamenyamaza. Alitokea upande ambao hauna mlango, Klara, upande wa kabati la sahani, na sakafu ile ya mbao inayolia hata paka akipita haikulia. Koti lake. Sikio lake. Vumbi jeupe kwenye mikono ya koti mpaka kiwikoni. Alikuwa amekonda, na amesimama wima kuliko nilivyomjua, sinia chini ya kwapa. Akainama, akachukua glasi, akaonja. Nikaona koo lake linapanda na kushuka. Akaiweka mbele yangu.

Nilizungumza naye. Alinisalimu, akauliza habari za nyumbani, akasema Klara apewe Gabrieli. Halafu akaelekea ngazi za ghalani, nami nikamfuata na glasi yangu mkononi, akasimama kwenye ile saruji, na hapo ndipo Bwana Kostas aliponikuta. Gari lake lilikuwa limeharibika njiani akarudi. Nilikuwa peke yangu.

Mahakamani niliulizwa nina la kusema. Nikasema kosa nimefanya, naomba sakafu ya pembe ile ivunjwe, chini yake yuko baba yangu, mzee wa koti la jeshi na sikio lililokatika. Watu walicheka. Lakini yule bwana wa mifugo alikuwa amekaa nyuma kwa kesi nyingine ya ng'ombe. Akasimama akasema, mzee wa koti na sikio lililokatika? Huyo mimi amenihudumia mwezi wa pili. Bwana Kostas akaapa hajawahi kuwa na boi wa namna hiyo toka siku ya ufunguzi. Hakimu akamtazama, akamwuliza, kwa hiyo siku ya ufunguzi alikuwapo? Wakatuma barua Dodoma, na yule mama aliyesema hatarudi amerudi. Ameeleza vilevile, mpaka sikio, bado amekasirika.

Sakafu imevunjwa jana. Walinitoa na pingu nikaangalie. Ni baba. Vifungo vya koti nimevitambua, na vile vidole viwili vilivyopinda. Bwana Kostas alikimbia kabla hawajamaliza, amekamatwa Itigi akisubiri treni.

Bonifasi atamleta kwa lori. Mwambie mama anyoe nywele sasa.

Naftali

*

Kiomboi, 17 Juni 1950

Kaka yangu,

Shikamoo, na pole ya kutokuwapo.

Tumemzika Jumamosi. Watu walijaa mpaka barabarani. Bonifasi alisimama akaeleza mbele ya wote baba alikufa kwa nini, na mwinjilisti, ambaye alikuwa ametayarisha mahubiri juu ya ulevi, akayakunja. Mama amenyoa. Ni mdogo sana bila nywele. Jana amekula ugali wake wote.

Kuna jambo moja. Tulipika togwa mitungi mitano, tukaifunika tukaifunga kwa majani, hakuna aliyeigusa. Tulipoifungua kuwapa watu, kila mtungi ulikuwa umepungua upana wa kidole. Wanawake walitazamana. Mama akachukua kata akaanza kugawa bila kuonja. Alisema imeshaonjwa.

Baba mdogo amebadilika. Nilimsomea barua yako, na nilipofika pale baba aliposema Klara apewe Gabrieli aliniambia nirudie. Akatoka nje akakaa kwa muda mrefu. Kesho yake akatuma mtu kwa akina Gabrieli waje na ng'ombe. Anasema yeye ni nani wa kumpinga kaka yake aliyetoka ardhini kusema neno. Harusi ni tarehe nane Julai, na fundi ameshona gauni pana bila kuuliza swali.

Anaomba kitu kimoja. Anataka siku ya harusi ayatamke maneno ya baba vilevile yalivyotoka, kwa Kinyiramba, yasipungue. Aliniambia nikuulize alisemaje hasa. Na mimi nataka, kaka. Nataka kujua alivyolitamka jina langu.

Klara

*

Gereza la Singida, 25 Juni 1950

Klara,

Nimekaa na barua yako siku nne. Isome hii ukiwa peke yako, hata Gabrieli asiwepo, kisha uichome.

Hakutamka jina lako.

Alipofika mezani nilimwita, "Baba." Alisimama kidogo, akageuka akatazama nyuma yake, kuona ni nani anayeitwa. Hapakuwa na mtu. Akarudi kwangu na uso ule ule wa adabu alionao kwa wageni. Nikasema mimi ni Naftali. Nikasema, "Mama anakungoja, Klara anakungoja," nikasema mambo mengi, na sauti yangu ilikuwa kubwa, ndiyo maana walisema naongea peke yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho kama mtu anayesikiliza lugha ya kigeni asitake kumwaibisha mwenzake. Halafu akaonja, akanisogezea glasi, akasema kwa lugha yetu, "Karibu mgeni, ni safi." Hayo ndiyo maneno yake yote. Nadhani huwaambia wote hivyo, ila wao hawaelewi.

Nilimfuata ghalani nikimshika koti. Mkono wangu haukushika kitu.

Hayo mengine nimeyatunga mimi, kwa ajili ya baba mdogo na kwa ajili ya tumbo lako, na ningeyatunga tena. Lakini wewe siwezi kukuacha ukae harusini ukisubiri kusikia sauti ambayo haikuwapo. Mpe baba mdogo maneno yoyote mazuri, wewe unajua alivyokuwa akikuita ukiwa mtoto. Mama aambiwe alinijua. Mimi, kabla ya kumfuata, nilikaa kwenye kile kiti nikanywa glasi yote mpaka chini, mgeni wa baba yangu, kwa sababu alikuwa amenikaribisha na sikutaka aone nimekataa.

Kaka yako,
Naftali